Maswali ya Wasomaji: Sensa ya Oksijeni Katika Gari la Zamani

Toleo hili nimeliachia jambo moja. Kati ya barua zilizofika mezani kwangu, nne zinahusu sensa ya oksijeni, kile kifaa chenye umbo la plagi kinachochomekwa kwenye bomba la moshi, na zote zinatoka katika mkoa wetu wa Tabora. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwenye barua ameeleza dalili zake kwa usahihi ambao sisi mafundi tunautamani kwa kila mteja. Zilizobaki nimezijibu pale tu zinapogusa jambo ambalo ya kwanza haikuligusa.

Barua ya kwanza, kutoka Isevya, Tabora Mjini

Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninatumia Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, yenye injini ya 5A, niliyoinunua kwa mtu miaka minne iliyopita. Mama yangu mzazi anaishi Nzega, na kila mwisho wa mwezi huenda kumjulia hali. Zamani lita 20 za petroli zilinifikisha Nzega na kunirudisha nyumbani. Tangu Pasaka, lita hizohizo zinakwisha nikiwa kwenye safari ya kurudi, hata Puge sijaipita. Taa ya injini kwenye dashibodi huwaka baada ya mwendo wa dakika chache, bomba la nyuma lina masizi meusi, na nikisimama kusubiri treni ipite, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, hupanda na kushuka yenyewe. Fundi mmoja amesema sensa ya oksijeni imekufa na kwamba mpya iagizwe Dar es Salaam, kwa fedha ambayo si ndogo kwa mshahara wa mwalimu. Mwingine ana ya mtumba kwa theluthi ya bei hiyo. Nitajuaje kama kweli ni sensa, na ikiwa ndiyo, ibadilishwe vipi bila kuharibu kitu kingine?

Jibu

Marahaba, mwalimu. Nianze na hesabu uliyonipa, kwa sababu imenisaidia kuliko maelezo mengine yote. Kutoka Tabora hadi Nzega ni kama kilomita 115, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 230, na kwa lita 20 gari lako lilikuwa likienda zaidi kidogo ya kilomita 11 kwa lita. Kama sasa petroli inakwisha kabla ya Puge wakati wa kurudi, hufiki kilomita tisa kwa lita. Umepoteza karibu robo ya mwendo. Upotevu wa kiasi hicho, pamoja na masizi na taa kuwaka, unaweza kabisa kuletwa na sensa ya oksijeni, lakini unaweza pia kuletwa na mambo mengine matatu au manne yenye bei ndogo zaidi, na hayo ndiyo ninayotaka uyaondoe njiani kwanza kabla hujatuma fedha Dar es Salaam.

Ili petroli iungue yote pasipo hewa kubaki, gramu moja ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi tunaiita kontrol boksi, hukadiria kiasi cha petroli cha kupitisha kwenye nozeli, lakini haiwezi kuona kinachotokea ndani ya silinda. Njia yake ya kujua kama imekadiria sawasawa ni kuukagua moshi unaotoka. Ndani ya ncha ya sensa kuna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platinamu. Upande wa nje wa kikombe hicho unaguswa na moshi, na upande wa ndani unaguswa na hewa ya kawaida tunayoivuta. Kauri ikishapata joto la nyuzi 300 au zaidi, tofauti ya oksijeni baina ya pande hizo mbili huzalisha umeme mdogo: moshi usio na oksijeni, maana yake petroli imezidi, hutoa karibu volti 0.9, na moshi uliobaki na oksijeni, maana yake petroli imepungua, hutoa karibu volti 0.1. Kompyuta ikiona 0.9 hupunguza petroli, ikiona 0.1 huongeza, na marekebisho hayo huendelea kwenda na kurudi muda wote injini ikiwa imepata moto. Volvo ndiyo iliyoanza kuuza magari yenye sensa hii mwaka 1976, kwa soko la California nchini Marekani, ikiwa imetengenezwa na Bosch, na katika Corolla yako kanuni ni ileile.

Sensa hiyo ikizeeka, hujibu polepole. Ikifa kabisa, kompyuta huacha kuisikiliza na kupitisha petroli kwa makadirio yaliyopangwa kiwandani, ambayo mara nyingi huelemea upande wa kuzidisha. Sensa za zamani zenye waya mmoja, zisizo na hita ndani, kwa kawaida huanza kuchoka kati ya kilomita 50,000 na 80,000. Zenye hita, ambazo huwa na nyaya tatu au nne, hufika hata 160,000. Gari la 1998 lililotumika Japani kabla ya kuja kwetu limekwisha kuvuka umri huo, isipokuwa kama mwenye gari wa kwanza aliibadilisha.

Hata hivyo, sensa ni shahidi tu. Inaeleza kama kuna oksijeni kwenye moshi, lakini haijui oksijeni hiyo imetoka wapi. Ikiwa gasketi ya manifoldi ya moshi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, imepasuka kabla ya mahali sensa ilipo, hewa ya nje hunyonywa ndani, sensa husema oksijeni ni nyingi, na kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Ikiwa plagi moja haichomi vizuri, hewa ya silinda hiyo hutoka bila kutumika, na matokeo huwa yaleyale. Katika hali zote mbili sensa inafanya kazi yake, na ukifunga mpya itasema maneno yaleyale kwa sauti iliyo wazi zaidi.

Kwa hiyo kagua mambo haya kabla ya yote. Toa plagi zote nne uzitazame: zote zikiwa nyeusi kwa masizi makavu, petroli inazidi katika injini nzima, ikiwa moja tu ndiyo tofauti, tatizo liko kwenye silinda hiyo. Fungua chujio la hewa, kwa sababu kwa vumbi letu la kiangazi, hasa kwa mtu anayeingia barabara za vijijini, chujio la miezi sita linaweza kuwa limeziba kama gunia. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, iwashe ukiwa mahali pa wazi na usikilize kwenye manifoldi: mlio wa kupuliza unaopungua injini ikipata moto, pamoja na alama nyeusi za masizi pembeni ya gasketi, ni dalili ya uvujaji.

Jambo la nne ni thamostati, ile valvu ndogo ya maji ya kupozea injini, na hapa naomba unisikilize vizuri. Katika mkoa wetu kuna desturi ya kuitoa thamostati na kuitupa kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na injini haihitaji. Nimefungua magari mengi sana yenye kesi kama yako nikakuta nafasi ya thamostati ni tupu. Thamostati ya injini kama yako huanza kufunguka maji yanapofika nyuzi 80 na kidogo, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto hilo haraka na kuibakiza hapo. Ikitolewa, maji huzunguka kwenye rejeta muda wote, injini hubaki vuguvugu, hasa ukiwa barabara kuu asubuhi, na kompyuta hudhani gari ndiyo kwanza limewashwa, hivyo huendelea kuongeza petroli ya kuanzia safari na kuchelewa kuisikiliza sensa ya oksijeni. Tazama mshale wa joto kwenye dashibodi ukiwa umekwenda kilomita kumi. Kama haufiki karibu na katikati, nunua thamostati kabla ya sensa. Ni spea ya bei ndogo, na mwalimu, kwa kweli inaniuma kuona mtu analipia sensa mpya wakati kifaa kilichokosekana kingepatikana dukani siku hiyohiyo.

Hata hivyo, thamostati peke yake haiwashi taa ya injini kwa namna uliyoieleza, kwa hiyo tusome taa hiyo inasema nini. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo cheusi chini ya boneti, kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake tafuta matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, uyaunganishe kwa kipande kifupi cha waya, kisha ufungue swichi bila kuwasha injini. Hakikisha ni matundu hayo na si mengine, kwa maana ukiunganisha pasipo pake unaweza kuunguza fyuzi. Taa ya injini ikimetameta haraka na kwa mfululizo usiobadilika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikimeta mara mbili, ikatulia kidogo, kisha ikameta mara moja, hiyo ni namba 21, inayohusu sensa ya oksijeni au hita yake. Namba 25 ni moshi wenye oksijeni nyingi kupita kiasi, na 26 ni kinyume chake. Kama gari lako halina kisanduku hicho, fundi mwenye mashine ya kusomea hitilafu ataichomeka chini ya usukani.

Namba 21 bado haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kuna kasoro mahali fulani katika njia ya umeme ya sensa. Hapo ndipo mita ya umeme inapohitajika. Iwe ya tarakimu, si ya mshale wala taa ya kupimia, kwa kuwa umeme wa sensa ni mdogo mno na vifaa hivyo huudhoofisha. Endesha gari dakika kumi, lisimamishe, shikilia injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili, ili sensa ishike moto, kisha ukiwa bado kwenye 2,500 upime waya wa ishara kwa kuingiza sindano nyuma ya soketi bila kuikata wala kuitoa. Sensa nzima itapanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 angalau mara nane ndani ya sekunde kumi. Mita ikionyesha namba moja isiyobadilika, kanyaga mafuta ghafla na kuachia: sensa iliyo hai itaruka hadi 0.8 au zaidi unapokanyaga, kisha itashuka karibu na sifuri unapoachia. Isiporuka, au ikiruka kwa uvivu kama mtu anayeamshwa usingizini, umepata jibu lako.

Hita nayo hupimwa peke yake, soketi ikiwa imetolewa na sensa ikiwa ya baridi. Katika sensa za Denso, ambazo ndizo Toyota nyingi zilikuja nazo, hita ni nyaya mbili nyeusi, ishara ni waya wa bluu, na waya mweupe ni wa ardhi. Kati ya zile mbili nyeusi mita isome kati ya omu 11 na 16. Katika joto la mchana wa Tabora inaweza kuzidi kidogo. Isiposoma chochote, hita imekatika. Ikisoma vizuri, pima upande wa gari kama volti 12 zinafika injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu panya wetu wa mijini wanapenda nyaya za chini ya boneti, na fyuzi iliyoungua hutoa namba ileile ya hitilafu. Jambo la kuepuka ni kupima omu kwenye waya wa ishara, maana umeme wa mita unaweza kuidhuru kauri.

Tuseme vipimo vyote vimeihukumu sensa. Kabla ya kununua, soma namba iliyochapwa kwenye mwili wake. Kwa Toyota, sensa ya oksijeni huanza na 89465. Kuhusu ya mtumba, ushauri wangu ni kuiacha. Sensa hii huchakaa kwa kutumika, na huwezi kujua ile iliyong'olewa kwenye gari la kukatwa ilikwisha kutembea kilomita ngapi, wala kama gari hilo lilikuwa likichoma oili. Theluthi ya bei utakayolipa itakuwa ni ya muda uliobaki usioujua. Kama fedha haitoshi mwezi huu, heri uvute subira mwezi mmoja ukiwa umekwisha kuweka thamostati na chujio.

Kuing'oa ya zamani ndiko kunakohitaji uvumilivu. Jioni ya siku iliyotangulia, nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu. Siku ya kazi, washa injini dakika chache ili chuma kitanuke, izime, subiri hadi uweze kusogeza mkono karibu bila kuungua, toa ngao ya joto na soketi, ndipo uanze kufungua. Kama ni lazima kuingia chini ya gari, liweke juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Toyota nyingi za umri wa gari lako hushikilia sensa kwa nati mbili na gasketi. Nyingine huingia kwa uzi wa milimita 18 na huhitaji spana ya 22, au boksi lenye mfereji pembeni wa kupitishia nyaya. Ikigoma, usiivutie hasira. Fungua kidogo, rudisha kidogo, nyunyiza tena, pasha moto tena.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kukosea mimi mwenyewe. Nikiwa bado kijana katika kazi hii niliilazimisha sensa ya uzi alfajiri, chuma kikiwa baridi kabisa, na ilipotoka ilitoka na meno ya manifoldi. Ilibidi tuishushe manifoldi nzima, tujaze chuma, tutoboe na kukata uzi upya. Mteja alikaa bila gari siku tatu kwa ajili ya haraka yangu ya nusu saa, na tangu siku hiyo sijawahi kuigusa sensa kwenye bomba baridi.

Mpya ikitoka kwenye boksi lake, ishike kama taa ya kandili. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji, kauri ya ndani inaweza kupasuka ingawa nje hakuna alama. Paka grisi maalumu ya kuzuia kukwama kwenye uzi tu, na kama imekuja imepakwa tayari usiongeze. Ncha yenye matundu isiguswe na grisi, mafuta wala vidole vichafu. Gasketi iwe mpya. Ya uzi hukazwa takriban nyutoni mita 40, na zile nati mbili kama 20, kwa hiyo azima spana ya kupimia nguvu badala ya kukaza kwa mabavu. Funga nyaya kwenye vishikio vyake mbali na bomba. Mwisho, toa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa dakika moja ili kumbukumbu ya hitilafu ifutike, irudishe, uendeshe mjini na barabarani kilomita 20 au 30, halafu urudie kusoma taa. Jaza tanki hadi juu, nenda Nzega urudi, ujaze tena, na uniandikie umetumia lita ngapi.

Barua ya pili, kutoka Urambo

Mimi ni dereva wa teksi, natumia Toyota Carina. Gari lilikuwa likistuka nikiwa katika mwendo. Fundi amechomoa soketi ya sensa ya oksijeni na kuiacha ikining'inia, na kweli limeacha kustuka. Anasema pia atoe masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya bomba, ili gari liwe jepesi. Je, niendelee hivyo?

Jibu

Ndugu yangu, kuchomoa soketi ni kipimo kizuri, lakini si tiba. Gari kuacha kustuka kunaonyesha kwamba kompyuta ilikuwa ikipewa taarifa za uongo na sensa au nyaya zake, na sasa imeacha kuzisikiliza na kurudi kwenye makadirio ya kiwandani. Makadirio hayo ni ya kukufikisha gereji. Ukiyatumia miezi mingi katika kazi ya teksi, utayalipia kwenye petroli kila siku, plagi zitajaa masizi, na petroli isiyoungua itasafisha oili kwenye kuta za silinda na kuichanganya ile iliyo chini.

Masega nayo ndiyo yatakayoumia kabla ya vyote. Yametengenezwa kufanya kazi pale mchanganyiko unapochezacheza karibu na ile 14.7 kwa moja. Petroli isiyoungua ikiyafikia, huungulia humo ndani, masega hupata moto kupita kiasi na hatimaye huyeyuka na kuziba bomba. Gari linalokosa nguvu kwenye kilima kwa sababu hiyo hupelekwa kwa fundi, ambaye huyatoa masega na kusifiwa, ilhali kilichoyaua bado kinaning'inia chini ya boneti. Kama masega yako yamekwisha kuziba, shughulikia sensa kwanza, kwa maana hata ukiweka mengine yatakufa vilevile. Kama ni mazima, yaache mahali pake: hewa inayotoka kwenye bomba lako ndiyo wanayovuta abiria wako na watoto wanaovuka barabara pale stendi.

Barua ya tatu, kutoka Igunga

Nimeletewa sensa mpya ya IST yangu kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ina nyaya nne lakini haina soketi, na rangi zake hazifanani na za zamani. Fundi anataka kuziunga kwa risasi. Je, ni sawa?

Jibu

Msimamishe kwanza, na usome namba ya sensa ya zamani. Kuna sensa mbili zinazofanana kwa sura, zote za nyaya nne: sensa ya oksijeni, ambayo kwa Toyota namba yake huanza na 89465, na sensa ya uwiano wa hewa na petroli, ambayo huanza na 89467. Hii ya pili hupima kwa njia nyingine kabisa, volti zake si zile za 0.1 hadi 0.9 nilizomweleza mwalimu, na hazibadilishani hata siku moja. Kama ya zamani ni 89467 na uliyoletewa ni ya oksijeni, irudishe kabla haijaguswa na moshi, maana baada ya hapo hakuna muuzaji atakayeipokea.

Kama zote ni za oksijeni, rangi zinaeleweka. Sensa za kuunga za Bosch zisizo na soketi, na nyingi nyingine, huwa na nyaya mbili nyeupe za hita, nyeusi ya ishara na ya kijivu ya ardhi. Kwenye ile ya Denso hita ni nyeusi mbili, ishara ni bluu, na ardhi ni nyeupe. Kwa hiyo nyeupe mbili za mpya huunganishwa na nyeusi mbili za zamani, bila kujali ipi na ipi. Nyeusi ya mpya huenda kwenye bluu. Ya kijivu huenda kwenye nyeupe. Uone hatari ilipo: nyeusi na nyeusi zinapendeza macho kuunganishwa, lakini ukifanya hivyo utaupeleka umeme wa volti 12 kwenye waya wa ishara. Soma karatasi iliyokuja na sensa, na kama inasema tofauti na mimi, fuata karatasi.

Kuhusu risasi, jibu ni hapana. Ile hewa ya kawaida inayotakiwa kufika upande wa ndani wa kauri, katika sensa nyingi huingia kwa kupita katikati ya nyuzi za waya wenyewe, chini ya mpira wake. Risasi ikiyeyuka hujaza nafasi hizo na kuiziba pumzi ya sensa. Tumia viungio vya kubana kwa koleo, viunge kwa kupishana ili visigusane, na uvifunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kwa sababu hiyohiyo usijaze grisi kwenye soketi, wala usinyunyizie dawa ya kusafishia nyaya hizo.

Barua ya nne, kutoka Sikonge

Kaka Fundi, sensa ya gari langu ilibadilishwa mwezi uliopita, mpya kabisa, baada ya injini kufunguliwa kichwa kwa sababu ya kuchemsha. Wiki mbili hazikupita, taa imerudi na namba ni ileile. Nimeuziwa feki?

Jibu

Inawezekana, dada yangu, lakini kabla hujagombana na muuzaji, mwombe fundi aitoe sensa hiyo mkaitazame ncha yake mkiwa wote wawili. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli inazidi kutoka kwingine, pengine nozeli inavuja. Ikiwa na ukoko wa kahawia, injini inachoma oili. Ikiwa na unga mweupe, nami nashuku ndivyo itakavyokuwa, basi imelishwa sumu, na yanayoweza kuwa yameilisha ni mawili.

La kwanza ni gundi ya gasketi. Gundi nyingi za silikoni tunazopaka kwenye kifuniko cha valvu na kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, hutoa mvuke zinapokauka, mvuke huo huvutwa ndani ya injini, na silikoni hubaki kwenye kauri kama utando wa kioo usiopitisha kitu. Zipo gundi zilizoandikwa kwenye mrija kwamba hazidhuru sensa. Ndizo zinazostahili kutumika, tena kwa kiasi kidogo. La pili ni maji ya rejeta. Kama gasketi ya kichwa bado inavujisha ndani ya silinda, dawa iliyomo kwenye maji hayo huungua na kuacha majivu kwenye sensa. Kwa gari lililochemsha, hili ni jambo la kuchunguzwa kwanza: tazama kama maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovujia, na kama bomba la nyuma linatoa moshi mweupe wenye harufu tamu hata injini ikiwa na moto.

Ncha ikiwa safi kabisa, mwulize dereva wenu kama gari lilipita kwenye maji marefu siku taa ilipowaka. Masika yanapojaza madimbwi, maji baridi yakilipiga ghafla bomba lenye moto mkali huweza kuipasua kauri, na sensa hiyo ukiitikisa karibu na sikio wakati mwingine husikika ikicheza ndani. Hiyo haina matengenezo, hubadilishwa. Lakini kama ni maji ya rejeta au gundi, usinunue nyingine mpaka fundi aliyefungua kichwa ameirudia kazi yake, tena kwa gharama yake, kwa sababu sensa ya tatu itakufa kama ya pili.